Wimbo wa Binti wa Gimbi

Savaii, 18 Februari 1979

Mdogo wangu Penitoa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Sulata, na wale wadogo wawili, Tavita na Moelagi. Sisi huku Mungu ametubakiza. Mama goti linamsumbua kila akipanda ngazi za kanisa, ila akienda kwa majirani kutafuta habari goti hilo hilo hupona. Mashelisheli yamezaa mpaka matawi yanainama. Yule nguruwe wako mweupe naye amezaa, na Mama amekataza watoto wake wasiguswe mpaka wewe mwenyewe uje, kwa hiyo ujue unatungojesha chakula.

Binti yako Lagimalie amefika salama. Nilimpokea gatini ameshika viatu mkononi ili visilowe, nikamkumbatia, nikamwambia, "Karibu kwenu, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, hajatoa neno linalozidi "ndiyo" na "hapana", na hayo yenyewe kwa sauti ya mtu aliye msibani. Hapa nyumbani Mama anamsifu kutwa. "Mtoto kalelewa huyu! Si kama hao wako wa darasani, wanapiga kelele kama kasuku." Mimi bado sijasifu. Nimefundisha watoto miaka mingi, na kimya cha adabu nakijua kikoje.

Nimeyasoma vizuri uliyoniandikia. Shule ya huko inataka kumtia katika darasa la watoto wazito wa akili kwa kuwa hasemi. Mmenipa mimi muda mpaka Jumapili ya Watoto, mwezi wa kumi. Akiwa hajafungua kinywa siku hiyo, anarudi Auckland na anaingia darasa hilo. Nimekubali. Lakini mtoto huyu si mzito, Penitoa. Macho yake hayakai mahali pamoja. Huyu anatusoma wote.

Bahati nzuri, wakubwa wa elimu kule Apia wametuletea waraka kwamba mwaka huu watoto wafundishwe aina zote za fasihi. Mwalimu Mkuu Seumalo aliusoma, akaguna, "Aina za nini? Wajue kwanza kujumlisha!" Akanitupia mimi. Nimeupokea kwa mikono miwili. Kila aina nitaipa siku zake na adabu zake: vitendawili, methali, mashairi, hotuba za wakuu wa koo, vichekesho, na fagogo, zile hadithi zetu za usiku. Maneno yana milango mingi, na mtoto aliyekataa kuingilia huu ataingilia ule.

Nakuomba kitu kimoja. Unaikumbuka fagogo ya Binti wa Gimbi, aliyotusimulia Bibi Fuatino tukiwa tumelala chini ya chandarua? Hadithi ninayo yote, ila wimbo wake sina. Mimi ndiye niliyekuwa nakanda miguu ya Bibi, nikasinzia kabla hajaanza kuimba. Wewe kipenzi chake ndiye uliyekuwa ukimwitikia "Aue!" mpaka mwisho. Niandikie huo wimbo. Fagogo isiyo na wimbo ni mboga isiyo na chumvi.

Dada yako,
Aveolela

*

Otara, Auckland, 25 Machi 1979

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilinifurahisha, hasa habari za goti la Mama. Sisi hatujambo. Baridi imeanza kunusanusa madirishani. Sulata bado anafanya usafi ofisini mjini, na mimi niko pale pale kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Narudi asubuhi na mkate wa moto kwapani, watoto wanakula, mimi nalala. Nyumba yetu imetulia sana, dada. Ukipita nje utadhani hakuna watu. Jirani tunayetenganishwa naye na ukuta alimwambia Sulata kwamba hajawahi kuona watoto wenye adabu kama wetu, na kanisani nako tunasifiwa. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Ndiyo maana jambo la Lagimalie linanichanganya. Alilelewa sawa na wenzake. Hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Mwalimu wake alituita, akasema maneno mengi, na Kiingereza changu unakijua, kinaishia kwenye unga na hamira. Nilichoelewa ni hilo darasa.

Sasa dada, usinielewe vibaya. Fasihi ni kitu kizuri na wewe ni bingwa wake, nani asiyejua? Lakini mimi nataka mtoto asome, ahesabu, ajibu akiulizwa. Vitendawili na fagogo atavifanyia nini huku? Mfundishe mambo ya maana.

Wimbo nimeusahau. Ni zamani mno.

Ndugu yako,
Penitoa

*

Savaii, 20 Mei 1979

Mdogo wangu,

Nimekaa chini nikuandikie huku Mama ananipigia kelele niingie jikoni, kwa kuwa leo tuna majani ya magimbi kwa tui na ananiona mvivu. Tu wazima. Mvua imeacha. Binamu yetu Taleni ameoa kule upande wa pili wa kisiwa, na harusi ilijaa mikeka ya zawadi mpaka mvulana mmoja akapotea ndani yake. Nawasalimu nyote.

Unasema umeusahau wimbo. Haya. Nitaliweka hilo neno lako kabatini, siku nyingine nitalitoa tulitazame.

Nikueleze mambo ya darasani. Nilianza na vitendawili, kwa kuwa ndivyo vinavyowasha watoto upesi. Lagimalie alijua majibu. Niliyaona yakipanda mpaka kwenye midomo, yakafika hapo, yakageuka. Tukaingia kwenye methali. Nikawaambia kila mtoto amwombe babu au bibi yake methali moja na kisa chake, na kesho yake darasa likawa soko. "Ya babu yangu ndiyo ya zamani zaidi!" "Wee, babu yako si alizaliwa juzi!" Lagimalie alileta ya Mama, ameiandika kwa mwandiko mzuri ajabu. Akanipa karatasi, akarudi kukaa.

Ukaja wakati wa hotuba. Niliazima fimbo ndefu na usinga wa mzee Tofaeono, nikamwonyesha kila mtoto namna ya kusimama, namna ya kuutupa usinga begani, namna ya kumsifu mgeni kabla hujamwambia unachotaka. Ungewaona, Penitoa! Kuna kitoto kinaitwa Pualele, kifupi kama kisiki, kilishika fimbo iliyokizidi urefu na kusema, "Waheshimiwa, kuku zangu na mimi tunawakaribisha." Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Nikawakemea: hotuba haichekwi. Kichekesho kitakuja siku yake. Wakaelewa mara moja! Mimi nawastaajabia watoto hawa. Mtu mzima humchukua mwaka kuelewa kwamba neno lile lile likibadilisha nguo linabadilisha na adabu.

Halafu fagogo. Unajua haisimuliwi watu wamekaa wima. Niliteremsha mapazia ya majani pande zote mpaka darasa likawa giza, nikawalaza wote kwenye mikeka, nikawafundisha kwamba fagogo haina msikilizaji bubu: msimulizi akipumua, wewe unaitikia "Aue!", usipoitikia anajua umelala na anaacha. Seumalo akapita, akachungulia, akaona darasa zima limelala. "Mwalimu! Ndiyo fasihi hiyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, na wewe lala." Akaondoka. Nikasimulia Binti wa Gimbi bila wimbo. Mzee mmoja na mkewe hawana mtoto, wanapanda gimbi, gimbi linakuwa binti, binti anachukuliwa na jitu la miambani, mama anatembea ufuko hadi ufuko akimwita. Na hapo pa kumwita, nikawa sina cha kuimba. Watoto waliitikia hata hivyo. Midomo ya Lagimalie nayo ilicheza, ila sauti sikuisikia.

Nilichotaka kukuambia hasa ni mambo ya Jumapili iliyopita. Mchungaji Elisaia alikuwa anahubiri juu ya Yona. Alifika pale Yona anatupwa baharini, akaishusha sauti, "Basi akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa..." Akapumua. Na kutoka mbele wanakokaa watoto ikatoka sauti moja, kubwa, safi:

"Aue!"

Alikuwa Lagimalie.

Mama alinifinya paja mpaka leo pana alama. Mchungaji akamtazama mtoto juu ya miwani. Nikajua tumekwisha. Akasema polepole, "Na samaki akafumbua kinywa," halafu akanyamaza, anangoja. Na darasa langu zima likaitikia, "Aue!" Alimaliza mahubiri yote namna hiyo.

Nje shemasi alinivaa. "Mwalimu, umewageuza watoto! Nyumba ya Mungu imekuwa chandarua cha bibi?" Mchungaji akamshika bega. "Mwache. Miaka yote hii nahubiri, leo ndiyo nimejua kuna mtu aliye macho."

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Lagimalie taratibu, "Mwanangu, fagogo huitikiwa. Mahubiri husikilizwa." Akatembea kidogo. Akasema, "Lakini alikuwa anasimulia." Na baada ya hatua mbili tatu, "Na alipumua."

Nimwambie nini? Ni kweli alipumua.

Niandikie wimbo.

Aveolela

*

Otara, 1 Julai 1979

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Tavita alikuwa na kikohozi, amepona. Baridi ni kali, mikono inauma mpaka unapoingia kiwandani penye tanuri. Sulata anawasalimu na anamtumia Mama sweta.

Habari ya "Aue" ilifika kanisani kwetu kabla ya barua yako. Watu wetu kwa kupeleka maneno hawana haja ya ndege. Shemasi wa hapa aliniuliza mbele za watu kama binti yangu ameingiwa na pepo. Nilitamani ardhi inimeze. Tulimtuma kwako ajifunze kusema, dada, si kumkatiza mchungaji.

Lakini nikuulize. Alipaza sauti kweli? Sulata haamini. Anasema tangu Lagimalie alipoacha ziwa hajawahi kumsikia akipaza sauti. Alinifanya nimsomee mahali hapo tena na tena. Ilisikika mpaka nyuma? Wale wazee wa viti vya mwisho waliisikia?

Wimbo sikumbuki. Tafadhali usiniulize tena.

Penitoa

*

Savaii, 12 Agosti 1979

Mdogo wangu Penitoa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sweta limefika. Huku hatuna baridi, lakini Mama amelivaa kanisani na jasho likamtiririka tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka, wala hakulivua. Nguruwe wako wamekuwa wanene. Mjomba ameanza kuwatazama kwa jicho lisilo la Kikristo.

Ilisikika mpaka nyuma. Wazee wa viti vya mwisho waliamka.

Sasa kaa kitako. Nimeianza barua hii na kuiacha mara kadhaa, kwa kuwa kuna jambo sijui nilifikishe vipi, na wewe ni ndugu yangu. Kwetu husemwa dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Basi jicho lisikasirike likiona.

Tumefanya vichekesho, vile vya pepo. Sina haja ya kukueleza, wewe na Taleni ndio mliokuwa mkiwaliza watu kwa kicheko. Lakini watoto niliwaeleza sheria yake kwa makini: ukishavaa kitambaa cha mchezo na ngoma ikilia, wewe si wewe. Pepo ndiye anayesema. Anaweza kumwiga mkuu wa ukoo, mchungaji, hata mwalimu, na aliyeigwa haruhusiwi kukasirika. Atacheka au atanyamaza. Ndiyo njia waliyotuachia wazee ya kumwambia mkubwa jambo lisilosemeka mchana. Nikawaambia, basi nendeni mkamtafute wa kumwiga, na siku ya wazazi mtaonyesha.

Pualele alimwiga Seumalo anavyohesabu chaki. Seumalo alicheka kwa meno ya mbele tu. Wawili waliniiga mimi, na kama kweli natembea namna ile basi Mungu anisaidie.

Halafu Lagimalie akasimama. Sikuwa nimemtazamia. Alikuwa ameshona kofia ya karatasi, nyeupe, ya mwokaji mikate. Ngoma ikalia. Akaja katikati akiburuta miguu, akapiga mwayo mrefu mpaka nikausikia kwenye taya langu, akajilaza mkekani, akaanza kukoroma.

Watoto wengine wakaingia kwa ncha za vidole. Mmoja alikuwa mama, anaosha sufuria bila kuigusisha na maji. Mmoja alikuwa mdogo wa kiume, amechekeshwa na kitu, anajiziba uso na mto mpaka anakaribia kufa. Wa tatu akakohoa. Yule aliyelala akafumbua jicho moja. Na wote, mama na watoto, wakageuka wakamwekea mkohozi kidole mdomoni: "Shhh! Baba amelala!" Kijiko kikaanguka: "Shhh! Baba amelala!" Nzi akapita: "Shhh!" Watu wakaanza kujipiga mapaja. Mtoto akaja mbio na karatasi ya shule, kapata maksi nzuri, anafungua kinywa amwambie mama, na mama anamziba kwa kiganja. Karatasi ikakunjwa. Mwishoni baba akaamka, akajinyoosha, akatazama kulia na kushoto akasema kwa sauti nene, sauti yako, Penitoa, sauti yako kabisa: "Ah, watoto wangu wana adabu! Huwasikii!" Akavaa kofia, akaenda kazini.

Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akaniuliza, "Huyu anamwiga nani?" Kabla sijajibu akaelewa, akajifunika uso kwa upepeo wake.

Nakuambia jambo moja kwa moyo wangu wote: kipaji kile sijakiona hapa kijijini tangu wewe uondoke. Sauti ya mtu mzima, mwendo, lile jicho moja! Ni wewe mtupu. Na tangu siku hiyo anasema. Anabishana na Mama kuhusu samaki. Anamwambia Pualele, "We kisiki, sogea." Nalala nikiwasikia wanapiga gumzo na najua amepona, na hakuwa mgonjwa.

Hakutaka kukuumiza. Pepo ndiye aliyesema, na sheria ya pepo unaijua. Nimemwambia kwamba nitakuandikia yote.

Dada yako akupendaye,
Aveolela

*

Savaii, 16 Septemba 1979

Penitoa,

Salamu kwako na kwa wote. Mama hajambo.

Barua yako haijaja. Meli ya barua imekuja na kurudi, nami kila mara nakwenda posta na Lagimalie, na kila mara karani anatikisa kichwa tangu tukiwa mbali ili asitusumbue kupanda ngazi. Mara ya mwisho mtoto hakunifuata. Alikaa nje.

Amenyamaza tena. Si kama mwanzo, anajibu akiulizwa, lakini mabishano yamekwisha, na Pualele anaitwa "Pualele". Nilimuuliza ana nini. Akasema, "Baba amekasirika." Nikamwambia sheria ya pepo haimruhusu. Akasema, "Sheria hiyo ni ya huku."

Jumapili ya Watoto imekaribia. Nguo nyeupe zinashonwa, na mjomba amepata kisingizio chake kuhusu nguruwe. Kila mtoto amechagua atakachotoa mbele ya kanisa: huyu shairi, huyu hotuba, huyu igizo la Musa. Lagimalie alikuwa amechagua Binti wa Gimbi. Sasa anasema hatatoa kitu.

Wiki hii darasani tumefika kwenye barua, ambayo nayo ni fasihi, ila watu huidharau kwa kuwa kila mtu anayo. Niliwaambia kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali. Naambatisha ya Lagimalie. Amekaa nayo kipindi chote na hivyo ndivyo ilivyo. Sikumlazimisha aiendeleze.

Sikuombi wimbo tena. Mwandikie mtoto chochote.

Aveolela

*

Otara, 30 Septemba 1979

Dada yangu Aveolela,

Nakusalimu wewe na Mama, na goti lake. Namsalimu mchungaji aliyengoja. Huku tuko wazima, na leo nakuandikia mezani mchana kweupe, kuna kelele hapa ambayo haielezeki, kwa hiyo nisamehe nikikosea.

Barua ya Lagimalie nimeipata. Tarehe, chini yake "Mpendwa Baba," na koma, kisha karatasi nyeupe mpaka chini. Sulata aliniambia, "Haijaisha." Nikamwambia hapana, imeisha, hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizopata maishani mwangu. Nimekaa nayo mfukoni kazini mpaka imeingia unga.

Ile ya mwezi wa nane nilikasirika nayo, nisikufiche. Nilizunguka nyumba nikitafuta wa kumgombeza. Lakini utamgombeza nani, dada? Mtoto? Si yeye, ni pepo. Pepo? Hashtakiwi. Wewe? Wewe ni dada yangu. Wazee wetu walikuwa wajanja, walifunga milango yote wakaniachia mmoja. Basi asubuhi moja nilijilaza na sikulala. Nikafumbua jicho moja. Nikamwona Sulata, kwenye siku yake ya kupumzika, anaosha sufuria bila kuigusisha na maji. Nikamwona Moelagi amejiziba na mto. Nilianza kucheka, dada, nikacheka mpaka kitanda kikalia, nao wakasimama wote wameganda kwa hofu wananitazama. Hapo kicheko kilinikatika, na nilimpenda binti yangu kuliko siku zote. Macho ya namna gani yale! Aliona nyumba nzima.

Sasa natia pamba masikioni. Pamba tu, dada. Nimemwomba msimamizi zamu ya mchana, amesema mwezi wa kumi na mbili. Mpaka hapo, pamba.

Nilikwenda pia shuleni. Maneno yalinipungukia baada ya "habari za asubuhi", kwa hiyo nikafanya kama binti yangu. Nikalala kwenye sakafu ya ofisi, mbele ya mwalimu na mkuu wake, nikakoroma, nikafumbua jicho moja, nikaweka kidole mdomoni. Mwanzoni waliogopa. Kisha mwalimu akashika mdomo, akaelewa. Aliniambia polepole ili nimsikie: mtoto akirudi anaingia darasa lake lile lile la zamani. Habari ya lile jingine imefutwa. Kwa hiyo Jumapili ya Watoto isimtishe. Akitaka kutoa fagogo atoe, akitaka kukaa tu na kula nguruwe wangu, ale. Na kama anataka kubaki kwako mwaka mwingine au kurudi, aniambie mwenyewe, kwa aina yoyote ile ya fasihi. Nimeshaona zote zinafika.

Nilikuambia wimbo nimeusahau. Sikuusahau. Nauimba kila usiku kiwandani, kwa sababu mashine zinanguruma na hakuna anayenisikia. Ni wimbo usioimbika kwa kunong'ona, Bibi alikuwa akiutoa mpaka popo wanaruka, na hapa sikuwa na mahali pa kuuimbia. Ndio huu, mpe Lagimalie:

Binti yangu wa gimbi, uko wapi?
Ufuko wa kwanza nimeita, wimbi ndilo lililoitika.
Ufuko wa pili nimeita, kaa ndiye aliyeitika.
Ufuko wa mwisho huu, mama yako sauti inakauka.
Niitikie, hata kwa kunitukana niitikie,
nikijua ni wewe nitacheka.

Mwambie hiyo ndiyo barua yangu kwake, na kwamba imeisha.

Jana Jumamosi, sikuwa kazini. Niliteremsha mapazia, nikawalaza Tavita na Moelagi sakafuni, Sulata naye akajilaza, nikasimulia Binti wa Gimbi tangu mwanzo. Nikapumua. Kimya. Hawakujua, dada, wangejulia wapi? Nikawafundisha. "Aue," wakasema, kidogo, wakitazama mlango. Nikaimba. Nikapumua tena. "Aue!" Safari hii ilitoka. Ufuko wa pili waliipiga mpaka vikombe vikatikisika, na yule jirani anayetusifu kwa adabu akagonga ukuta. Watoto wakanyamaza wakanitazama.

Nikawaambia, "Tena! Dada yenu yuko mbali."

Ndugu yako,
Penitoa